Elimu ya Ukubwani katika Nchi ya Mbulu na Hanang

Mtu aliyekwisha kulea watoto, akazika wazazi, na kukabidhiwa na jamaa zake dhamana ya kusuluhisha magomvi ya ndoa na mipaka ya mashamba, anapojiandikisha katika chuo kikuu ili asome saikolojia, aghalabu hupokewa kwa mshangao, na hata wale wampendao humwuliza kwa upole kama hajachelewa. Swali hilo nimelisikia Mbulu na nimelisikia Katesh ya Hanang, likiulizwa juu ya walimu, wauguzi, makatekista na maafisa wa ustawi wa jamii ambao mvi zimeanza kuwaingia. Na kila nilisikiapo huona kwamba wenye kuuliza wameisahau taarikh ya nchi yao wenyewe. Katika wilaya hizi mbili mtu mzima aliketi mbele ya ubao tangu siku za awali za kusoma na kuandika, na elimu ya nafsi za watu ilikuwa ndiyo elimu ya juu kupita zote, iliyowekwa akiba kwa makusudi mpaka umri utimie.

Nchi yenyewe ni nyanda za juu zilizokaa baina ya mabonde mawili, ukuta wa Bonde la Ufa na Ziwa Manyara upande wa mashariki, na bonde la Eyasi na Yaeda upande wa magharibi, na kwa kusini umesimama peke yake mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ukitazama chini maji ya chumvi ya Ziwa Balangida. Hapa wanaishi Wairaqw, ambao wageni huwaita Wambulu, wenye lugha ya Kikushi. Wapo Wabarabaig na Wadatoga wenzao, wenye lugha ya Kiniloti. Wapo Wanyaturu, Wanyiramba na Waihanzu wenye lugha za Kibantu. Na wapo Wahadzabe wa Yaeda, ambao lugha yao haina ndugu aliyethibitishwa popote duniani. Ni nadra katika Afrika nzima kupata mahali padogo namna hii penye lugha za asili mbalimbali kiasi hiki, na msomaji alishike hilo, maana ndilo lililoamua mengi katika habari ya kusoma kwa watu wazima.

Kabla ya shule, mafunzo ya kuijua nafsi ya mtu yalikuwa mikononi mwa wazee. Kwa Wairaqw, mkutano wa heshima hautimii pasi na slufay, dua ndefu ya kishairi anayoiongoza mzee mmoja huku waliohudhuria wakimwitikia kila akomapo. Ndani yake huombewa mvua, watoto, mifugo na amani ya nchi, na maovu hufukuzwa yatoke mipakani. Kijana husikiliza na kuitikia kwa miaka mingi kabla hajathubutu kuongoza, kwa sababu anayeongoza sharti ajue nani kati ya walioketi ana kinyongo na nani, nani amefiwa, nani ana deni, na aipange dua yake kwa namna ambayo kila mmoja atajikuta ametajwa bila kuaibishwa. Mimi sijui kazi inayokaribia zaidi kazi ya mshauri nasaha wa siku hizi kuliko hiyo.

Wabarabaig nao walikuwa na baraza la wanawake, ambalo mwanaanthropolojia Mmarekani George Klima, aliyekaa nao katika miaka ya 1950, alilieleza katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1970. Mwanamume aliyewakosea wanawake katika heshima yao, mathalan kwa kumpiga mke au kuvunja miiko ya uzazi, alihukumiwa na wanawake peke yao, wakikaa mbali na wanaume, na hukumu yao ya faini ya ng'ombe haikuwa na rufaa. Na alipofariki mzee mwenye sifa walimfanyia bung'eda, mazishi makubwa yaliyochukua miezi mingi, kaburi likiinuliwa hatua kwa hatua mpaka likawa kilima, ndugu wakija kutoka mbali, pombe ya asali ikinywewa, na nyimbo za sifa zikiimbwa, hata mwisho wa shughuli wafiwa wakawa wamelia na kula na kuimba pamoja kwa muda wa kutosha kuuzoea ulimwengu usio na mtu wao. Ndiyo maana kaburi hilo halikuwa udongo tu. Lilikuwa mahali ambapo huzuni ya ukoo mzima ilipewa makazi.

Kusoma kwa herufi kulikuja na dini. Wamisionari wa Afrika, ambao watu wamewazoea kwa jina la Mapadre Weupe, walifungua misheni yao Umbulu mwaka 1907, wakati Wajerumani wangali watawala, na kwa desturi waliyoachiwa na mwasisi wao, Kardinali Lavigerie, mtu mzima hakubatizwa ila baada ya kufundishwa miaka minne. Basi wakati watoto wengi wangali machungani, palikuwa na wanaume na wanawake wa makamo waliokaa juu ya nyasi wakifundishwa na katekista, wakijibu maswali kwa pamoja, na baadhi yao wakijifunza kusoma ili waione kwa macho sala waliyoishika kwa masikio. Utawala wa Waingereza uliofuata uliweka hima yake katika shule za watoto, tena watoto wachache, hasa wa wenye vyeo, na mtu mzima akaachwa na madarasa ya dini.

Hata hivyo herufi zilianza kuwa na thamani nyingine. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, uliotangulia uhuru, miongoni mwa mambo yaliyomstahilisha mtu kupiga kura lilikuwamo la kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Asiyejua alihitaji pato la pauni 75 kwa mwaka au cheo. Chama cha TANU kilipata viti 70 kati ya 71, na hicho kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Elias Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kwa nafsi yake, alimshinda mgombea rasmi wa chama, Mtemi Amri Dodo wa Wagorowa. Wapo walioihesabu habari hiyo kuwa ukaidi wa Wambulu. Mimi naiona kuwa dalili ya watu waliokuwa na rai yao na waliojua kuipima, na ya kwamba yule aliyekosa herufi alikosa sauti, jambo ambalo watu wazima wa nchi hii hawakulisahau ulipofika mwito wa kisomo.

Mwito huo ulitolewa na Mwalimu Nyerere katika salamu zake za kuukaribisha mwaka 1970, alioutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kutekelezwa: watoto wangechukua miaka mingi kabla hawajaleta athari katika uchumi wa nchi, ilhali wazazi wao ndio walioshika jembe na fimbo ya mifugo siku ile ile. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Madarasa yakafunguliwa katika shule za msingi, makanisani, misikitini, maghalani na chini ya miti, na waliofundisha walikuwa walimu wa shule jioni wakiisha kumaliza kazi yao, pamoja na vijana waliohitimu darasa la saba, ambao takrima yao ilikuwa shilingi 30 kwa mwezi.

Na tulitazame kwa karibu darasa la namna hiyo katika kijiji cha Hanang, mnamo saa kumi ya jioni. Mama ameacha kuni na maji vimngoje, mtoto yu mgongoni, mkononi ana daftari lililofungwa kwa kitambaa lisilowe. Mwalimu ni kijana ambaye yeye mama alimwona akizaliwa, na sasa amwita mwalimu kwa adabu yote, naye kijana hajui aitikie kwa sauti gani. Kitabu kinaeleza ufugaji bora au kilimo cha mahindi, kwa kuwa mpango ulikuwa wa kisomo chenye manufaa, ambao vitabu vyake vilifundisha kazi na herufi kwa pamoja. Lakini kitabu ni cha Kiswahili, na mama huyo nyumbani hunena Kibarabaig au Kiiraqw. Neno analolisoma kwa taabu, silabi kwa silabi, likiisha kukamilika mdomoni halimwambii kitu, mpaka jirani amnong'oneze maana yake. Mwenzake wa Bagamoyo au Tanga alijifunza jambo moja, kuandika lugha aliyoijua. Mama wa Hanang alijifunza mawili kwa wakati mmoja, na mtihani uliowapima ulikuwa mmoja. Serikali ilikuwa na sababu ya kutaka lugha moja ya taifa, nami ni miongoni mwa wenye kuishukuru. Walakini insafu yataka tuseme kwamba gharama ya umoja huo haikugawanywa sawasawa, na kwamba watu wa Mbulu na Hanang walilipa fungu kubwa.

Fauka ya hayo, miaka ile ile ilikuwa ya kuhamishiwa katika vijiji. Mfugaji aliyezoea kufuata majani alitakiwa akae mahali pamoja, na darasa la kisomo lilimfikia likiwa limeandamana na amri hiyo, hata wengine wakaliona kuwa tawi la serikali zaidi ya tawi la elimu. Pamoja na hayo yote, kazi ilikwenda. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 nchini katika vikundi vya kusikiliza, kujadiliana, na kisha kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mtihani wa taifa wa kisomo wa Agosti 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamepungua hadi asilimia 39, na ule wa mwaka 1986 ukaonyesha kwamba hawafiki asilimia 10. Hesabu za namna hii huweza kutiwa chumvi, na wengi waliofaulu walisahau kwa kukosa vitabu vya kuendelea. Lakini jambo moja halikufutika, nalo ni kwamba mzee na mama walikuwa wameonekana hadharani wakijifunza, na aibu ya kujifunza ukubwani ikapungua.

Kutoka katika kisomo zikachipuka njia nyingine. Kuanzia mwaka 1975 serikali ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kuiga shule za watu wazima za Sweden, na Mbulu ikapata chake pale Tango. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 kama tawi la Chuo Kikuu cha Makerere na kupewa sheria yake yenyewe mwaka 1975, ikafundisha kwa njia ya posta, hata karani au mwalimu wa kijiji cha mbali akaweza kupokea masomo ndani ya bahasha na kurudisha majibu yake kwa basi lile lile lililoleta barua. Na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, palikuwa na mtihani maalumu wa kuwaingiza watu wazima, uliomfungulia mlango mtu aliyetimiza miaka 25 hata kama hakuwa na vyeti vya kidato cha sita.

Lakini tendo lililokuwa kubwa kupita yote, na ambalo siku hizi halitajwi sana, lilikuwa Azimio la Musoma la Novemba 1974. Kwa azimio hilo kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa kwenda moja kwa moja chuo kikuu. Sharti kwanza apite Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi miaka miwili, na apewe sifa njema na mwajiri wake na tawi la chama. Kwa muda wa miaka kadhaa, basi, mwanafunzi wa kawaida wa Mlimani alikuwa mtu mwenye mshahara, mara nyingi mwenye mke na watoto, na hapakuwa na aliyemwuliza kama amechelewa, kwa kuwa kuchelewa kulikuwa ndiyo kanuni. Azimio lilikuwa na kasoro zake: wasichana walipungua chuoni, kwa kuwa miaka miwili ya kazi aghalabu ilikuwa miaka ya kuolewa na kuzaa, ikabidi wao wasamehewe sharti hilo mapema, sifa ya chama nayo iliweza kuwa chombo cha kumlipia mtu kisasi, na katikati ya miaka ya 1980 mpango wote ukaachwa. Walakini asili ya wazo lake naiunga mkono hata leo: kwamba ziko elimu ambazo mtu huzifahamu vizuri zaidi akiwa amekwisha kuwajibika kwa maisha ya mtu mwingine.

Saikolojia ni mojawapo ya elimu hizo, bali ni ya kwanza yao. Kwa muda mrefu ilifundishwa nchini ikiwa sehemu ya mafunzo ya ualimu, na kwa hiyo iliwafikia watu wa Mbulu na Hanang kupitia walimu wa shule za msingi, waliotoka vyuoni wakiwa wamesikia habari za mwanasaikolojia Piaget na hatua za kukua kwa akili ya mtoto, na kurudi katika madarasa yenye watoto 60 au zaidi ambao nusu yao walikuwa hawajui Kiswahili. Wagonjwa wa akili nao, waliposhindikana nyumbani, walipelekwa Mirembe, hospitali iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, mbali na lugha yao na jamaa zao. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norwei mwaka 1955 katika wilaya ya Mbulu, ikaja baadaye kuwa na huduma ya afya ya akili, na ndugu wa mgonjwa wakaweza kukaa karibu naye.

Lazima pia ikumbukwe ni nani waliokuwa wakiandika juu ya akili ya Mwafrika wakati huo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha daktari J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari huko Nairobi, ambamo alimlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Neno hilo lilitolewa kwa jina la elimu, likasomwa na watawala, na wale waliosemwa hawakuwa na kalamu ya kujibu. Mwaka uliofuata, Thomas Adeoye Lambo, daktari wa Nigeria, alianza pale Aro kuwaweka wagonjwa katika vijiji pamoja na jamaa zao na kushirikiana na waganga wa jadi, na kazi yake ikawa jibu lenye nguvu kupita matusi. Kila mtu mzima wa nchi yetu anayeingia katika elimu hii huingia katika ubishi huo wa nani aieleze akili ya Mwafrika, ajue asijue.

Na katika Hanang ubishi huo una makaburi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano katika uwanda wa Basotu, hata yakafika saba na kuchukua takriban hekta 40,000 za malisho yaliyo bora ya Wabarabaig. Trekta zilipita juu ya njia za ng'ombe, na zilipita juu ya vilima vya bung'eda. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani mwaka 1981. Mahakama Kuu ikawapa haki mwaka 1984, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka 1985, ikisema pamoja na mengine kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mchumi ataandika hasara ya malisho, na mwanasheria ataandika hasara ya haki. Hasara ya mwana aliyekosa kilima cha baba yake, ambacho ndicho kilichokuwa kikimwezesha kuacha kulia, itaandikwa na nani, isipokuwa na mtu ambaye ameisomea huzuni na pia ameshiriki kukijenga kilima kama hicho?

Njia ya mtu huyo kufika chuoni imekuwa pana zaidi tangu kilipoundwa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kwa sheria ya mwaka 1992, kikapokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, chini ya makamu mkuu wake wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Mwalimu wa Dongobesh au muuguzi wa Haydom haachi kazi wala shamba. Husoma usiku watoto wakilala, huandika majaribio yake siku ya mapumziko, na hupanda gari kwenda kituo cha mkoa kilichopo Babati kwa ajili ya mitihani. Na kwa wanaodhani kwamba cheo humtoshea mtu badala ya elimu, Hanang ina mfano: Frederick Sumaye, mbunge wake wa miaka mingi, alipomaliza miaka 10 ya uwaziri mkuu mwishoni mwa 2005, alikwenda Chuo Kikuu cha Harvard akiwa amevuka umri wa miaka 55, akaketi na watu wa makamo kutoka nchi nyingine, na kupata shahada ya uzamili ya utawala wa umma mwaka 2007.

Haja ya wasomi wa nafsi ilidhihirika tarehe 3 Desemba 2023, wakati mvua kubwa ilipobomoa ubavu wa mlima Hanang, na tope, mawe na magogo yakashuka juu ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi, zikafa roho za watu zaidi ya 80. Wataalamu wa ustawi wa jamii na saikolojia walipelekwa kuwafariji waliookoka, na wanastahili shukrani. Lakini mfiwa husema jambo la ndani kabisa kwa lugha aliyolelewa nayo, na bibi wa Kibarabaig aliyepoteza wajukuu hamwelezi kijana mgeni kwa Kiswahili cha kuazima kile ambacho angemweleza mtu wa rika la binti yake, mwenye kujua kwamba kuna maneno ambayo wafiwa hawaulizwi mapema. Wenye sifa hizo wapo tayari katika wilaya hizi, wana miaka 40 au 50, wanafundisha, wanauguza, wanaongoza ibada na kuamua magomvi. Waliobaki bila shahada wamepungukiwa na ada na muda, wala hawakupungukiwa na akili. Halmashauri zinazotoa ruhusa ya masomo kwa watumishi wake hazina budi kuwahesabu hao kwanza, kabla ya mwaka mwingine wa mvua.